Sauti Inayojichanganya Ndani ya Chipu: Uchambuzi wa Kisa cha Ruta ya Matatu

Matatu inayochambuliwa hapa ni ya sacco moja ya Barabara ya Thika. Ina viti 33, spika kubwa chini ya viti vya nyuma, na ruta ya intaneti iliyofungwa ndani ya dashibodi ili abiria wapate Wi-Fi bila malipo. Ruta hiyo hutumia 3G katika bendi ya MHz 2100. Katika uwazi uleule wa dashibodi, sentimita 15 hivi kutoka antena ya ruta, palikuwa na antena ya kifaa cha kufuatilia gari, ambacho hupeleka taarifa za mahali na mwendo kwa njia ya 2G katika bendi ya MHz 1800. Abiria walilalamika kwamba Wi-Fi ilikuwa nzuri gari likiwa limesimama stejini, lakini ilianza kukatika pindi gari liliposhika mwendo, hasa likishapita Muthaiga, kisha ikarudi yenyewe bila mtu kuigusa.

Kabla kesi haijatufikia, mafundi kadhaa wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi walikuwa wameishughulikia kwa njia zinazoeleweka. Walibadilisha laini ya simu, wakabadilisha waya wa umeme unaotoka kwenye betri, na mwishowe wakaweka ruta mpya ya aina ileile, ambayo ilionyesha ugonjwa uleule siku hiyohiyo. Wengine walilaumu mnara, kwamba gari linapokimbia simu huhamishwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine na katika kuhamishwa huko mawasiliano hupotea. Maelezo hayo yanavutia, ila mtandao wa 3G ulibuniwa ukijua kwamba watu watasafiri, na abiria katika matatu hiyohiyo waliokuwa na simu za bendi hiyohiyo hawakukatikiwa.

Dokezo la maana lilitoka kwa kondakta. "Fundi, hiyo Wi-Fi husumbua spika zikianza kukoroma," alisema, na hakuna aliyekuwa amemwuliza jambo hilo kabla. Mkoromo huo ni sauti ambayo kila aliyewahi kuweka simu ya zamani karibu na redio anaijua. Katika 2G, kila kifaa hupewa zamu yake ya kutuma, yenye urefu wa mikrosekunde 577, katika mzunguko wa zamu nane unaochukua milisekunde 4.615. Kwa hiyo kifaa hupiga mapigo 217 hivi kwa sekunde, na kila pigo katika bendi ya 1800 linaweza kufika wati 1. Waya za spika huyanasa mapigo hayo, transista za amplifaya huyageuza kuwa mabadiliko ya volti, na sikio husikia mkoromo. Kumbe spika zilikuwa zikitangaza kila mara kifaa cha kufuatilia gari kilipokuwa kikituma. Kifaa hicho hutuma mara kwa mara gari likiwa njiani na hunyamaza likiegeshwa, na hiyo peke yake ilitosha kueleza kwa nini kusimama stejini kulionekana kuwa dawa.

Hata hivyo, kujua kwamba kifaa kimoja kinamsumbua jirani yake si kujua namna kinavyomsumbua. Ruta hupokea katika MHz 2140 na kifaa cha kufuatilia gari hutuma karibu na MHz 1760. Kati yao kuna pengo la MHz 380, na ruta yoyote ya heshima ina kichujio kinachozuia ishara iliyo mbali kiasi hicho. Jibu hupatikana pale tu ruta yenyewe inapoingizwa katika hesabu. Inapopokea katika MHz 2140, hutuma wakati huohuo katika MHz 1950, kwa kuwa katika bendi hii masafa ya kutuma na ya kupokea hutengana kwa MHz 190. Zidisha 1950 kwa mbili, upate 3900. Toa 1760, inabaki 2140. Yaani mahali fulani palikuwa na kitu kinachochanganya ishara mbili na kuzaa ya tatu, na hiyo ya tatu ikatua juu kabisa ya masafa ambayo ruta ilikuwa ikisikiliza. Watengenezaji wa moduli za simu wanaujua vizuri mchanganyiko huu. Sadfa ya utatu wa 1950, 1760 na 2140 ni miongoni mwa vipimo vya kawaida vya vichujio vya bendi hii, kwa sababu 1760 iko ndani ya masafa ya MHz 1710 hadi 1785 ambayo simu za bendi ya 1800 hutumia kutuma.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini ugonjwa ulikuja na kuondoka kulingana na mahali. Mtandao hubadilisha chaneli ya kifaa cha kufuatilia gari kutoka mnara hadi mnara. Ishara ya ruta ina upana wa MHz 3.84, na katika mchanganyiko upana huo huongezeka maradufu, hivyo chaneli yoyote iliyo ndani ya MHz 6 hivi kutoka 1760 inaweza kuleta madhara. Ikitoka nje ya hapo, ishara ya tatu huangukia pembeni na ruta hupumua. Zaidi ya hayo, ruta inapokuwa mbali na mnara, huongeza nguvu ya kutuma hadi kikomo chake cha milliwati 250, na papo hapo ishara inayoipokea huwa dhaifu. Mambo mawili mabaya hukutana mahali pamoja.

Ni nani, basi, aliyekuwa akichanganya? Palikuwa na washukiwa wanne, na wa kwanza alikuwa bodi ya gari lenyewe. Mahali ambapo vyuma viwili vimekutana kwa kutu, umeme haupiti kwa uwiano, na viungo vya namna hiyo vimewahi kusumbua minara mikubwa ya redio, sembuse matatu iliyotobolewa mara nyingi kwa ajili ya taa na skrini. Mshukiwa wa pili alikuwa amplifaya ndogo ya kupokea iliyo ndani ya ruta, na wa tatu amplifaya ya kutuma. Wa nne alikuwa dupleksa, ambayo watu wengi hawaihesabu kabisa, kwa kuwa haina transista hata moja wala hailishwi umeme. Joto nalo lilitajwa, na si bila sababu, kwani dashibodi iliyopigwa na jua la mchana huchemka, na fuwele za aina itumiwayo ndani ya dupleksa huhamisha masafa yake kwa sehemu 30 hadi 40 katika milioni kwa kila digrii moja ya joto. Lakini joto hupanda na kushuka kwa dakika, ilhali kasoro hii ilienda na mapigo ya milisekunde 4.615. Tuliliondoa mapema.

Dupleksa inastahili kuelezwa kwa kirefu. Ni kichujio cha njia mbili kinachoiwezesha antena moja kutuma katika MHz 1920 hadi 1980 na kupokea katika MHz 2110 hadi 2170 kwa wakati mmoja. Katika ruta hii ilikuwa kijiboksi cha milimita 2.5 kwa 2, na ndani yake mna kipande cha fuwele ya tantalati ya lithiamu chenye meno ya chuma yanayopishana juu ya uso wake. Fuwele hiyo ni piezoelektriki: volti ikiingia kwenye meno, fuwele hujikunja na kujinyoosha, na mkunjo huo husafiri usoni mwake kama wimbi la sauti, kisha meno mengine huugeuza tena kuwa umeme. Lord Rayleigh aliyaeleza mawimbi ya usoni kihisabati mwaka 1885, na alidokeza kwamba huenda yana nafasi kubwa katika matetemeko ya ardhi. Mwaka 1965 R. M. White na F. W. Voltmer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba meno ya chuma yanayopishana yanaweza kuyazalisha moja kwa moja kutokana na umeme. Mawimbi yaliyomo kwenye dupleksa za leo ni ndugu wa yale ya Rayleigh, si yaleyale hasa, lakini kwa kisa hiki tofauti hiyo haina uzito.

Sauti huchaguliwa kwa sababu ya upole wake. Juu ya fuwele hii husafiri kwa takriban mita 4,000 kwa sekunde, yaani mara 75,000 hivi polepole kuliko mawimbi ya redio hewani. Wimbi la MHz 1950 ambalo hewani lina urefu wa sentimita 15 huwa na urefu wa mikromita 2 tu juu ya chipu, na kila jino la chuma huwa na upana wa nusu mikromita hivi. Ndiyo maana kichujio ambacho kingehitaji boksi la chuma la kubebwa kwa mikono miwili huingia ndani ya simu. Lakini udogo huo una bei yake, nayo ndiyo kiini cha kesi. Wimbi la usoni halizami ndani ya fuwele zaidi ya kina kinachokaribia urefu wake lenyewe. Milliwati 250 zikipita katika ukanda wenye upana wa makumi ya mikromita na kina cha mikromita mbili, hata ukizigawanya kwa rezoneta kadhaa (vikundi vya meno, kila kimoja kikitetemeka kwa masafa yake), msongamano wa nguvu hufika mamia ya mamilioni ya wati kwa mita ya mraba. Hakuna spika katika matatu yoyote ya Nairobi, hata zile zinazotetemesha vioo vya maduka ya River Road, inayokaribia kiwango hicho.

Katika msongamano wa namna hiyo fuwele huacha kutii uwiano. Kamba ya kuanikia nguo ukiivuta katikati kwa kidole hujipinda kwa urahisi, lakini kadiri unavyoivuta zaidi ndivyo inavyokaza kupita kiasi ulichotarajia. Fuwele nayo, mkunjo ukiwa mdogo, hurejesha kwa nguvu inayolingana na mkunjo. Mkunjo ukikua, sehemu ndogo ya nguvu hiyo hufuata kipeo cha pili na cha tatu cha mkunjo, na hali ni hiyohiyo kwa uhusiano wa mkunjo na umeme ndani yake. Kipeo cha pili huzaa jumla na tofauti za masafa. Kipeo cha tatu ndicho kinachozaa mara mbili ya moja ukitoa jingine, yaani ile 2140 yetu. Sehemu hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na mawimbi yenyewe, na mtu anaweza kuuliza kwa nini basi inajalisha. Inajalisha kwa sababu ya udhaifu wa kile kinachosikilizwa. Kelele ya joto peke yake, katika upana wa MHz 3.84, ni dBm −108 hivi (dBm ni nguvu iliyohesabiwa kwa desibeli kuanzia milliwati 1, na kila desibeli 10 ni mara kumi), na ruta husikiliza ishara zinazokaribia hapo huku jirani yake ndani ya chipu ileile akipiga kelele ya dBm 24. Pengo hilo ni la zaidi ya desibeli 130. Ishara ngeni iliyo dhaifu mara bilioni kumi kuliko ile ya kutuma bado ingefunika kile ambacho ruta inatafuta.

Ukadiriaji wa jirani mwingine, yaani kifaa cha kufuatilia gari, pia ulitushtua. Katika vipimo vya kawaida vya dupleksa, ishara ya usumbufu inayoingia kupitia antena huwekwa dBm −15, kwa kudhani kwamba msumbufu ni simu ya mtu mwingine iliyo hatua kadhaa mbali. Hapa msumbufu wa wati 1, yaani dBm 30, alikuwa sentimita 15 kutoka antena. Kwa umbali huo na masafa hayo, nguvu hupungua kwa desibeli 21 hivi tu, hivyo kwenye mlango wa ruta iliweza kufika karibu dBm 9. Hiyo ni zaidi ya mara 200 ya kile ambacho mtengenezaji alikusudia kukistahimili. Sioni haki ya kumlaumu mtengenezaji.

Kilichobaki ni kuthibitisha. Tuliiweka ruta mezani, tukaiunganisha kwa kebo na kipimo kinachoigiza mnara ili itume katika MHz 1950 kwa nguvu tuliyoichagua bila kujirekebisha yenyewe, na tukaingiza ishara ya MHz 1760 kutoka jenereta kupitia kipitishi cha upande mmoja, kwa sababu jenereta nayo ikipigwa na ishara ya ruta hugeuka kuwa mchanganyaji na kuharibu ushahidi. Kila kitu kilipita ndani ya kebo, hakuna kilichorushwa hewani, kwa kuwa masafa haya yana wenyewe na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya haimruhusu mtu kuyachezea apendavyo. Bila bodi ya gari na bila kutu, kelele katika 2140 ilitokea vilevile. Mshukiwa wa kwanza akawa amesafishwa.

Hapo ndipo kilipotumika kipande kidogo cha chuma ambacho napenda kukipendekeza kwa kila fundi wa redio: kipunguza nguvu cha desibeli 3, kilichofungwa kwenye mlango wa antena wa ruta. Kama mchanganyiko unatokea nje ya ruta, kwa mfano kwenye viungo vya kebo, ishara ya kutuma hupunguzwa kwa 3 kabla ya kufika huko, na kwa kuwa inahesabiwa mara mbili, zao lake, yaani ile ishara ya tatu, hushuka kwa 6, kisha hupunguzwa tena kwa 3 likirudi ndani: jumla 9. Kama unatokea ndani, ishara ya kutuma haiguswi kabisa, ni ile ya 1760 tu inayopunguzwa, na zao hushuka kwa 3. Lilishuka kwa 3. Tulipoongeza nguvu ya kutuma kwa desibeli 1, zao lilipanda kwa 2, na tulipoongeza ishara ya 1760 kwa 1, lilipanda kwa 1, kama hesabu ya kipeo cha tatu inavyodai.

Kati ya dupleksa na amplifaya mbili, hoja ya kwanza ilikuwa ya mpangilio. Amplifaya ya kupokea iko nyuma ya kichujio cha kupokea, ambacho huipunguza ishara ya kutuma mara laki moja au zaidi na pia huizuia 1760, hivyo haisikii vya kutosha vya kuchanganya. Ile ya kutuma iko nyuma ya kichujio cha kutuma, na zao lake lingelazimika kupenya kichujio ambacho kazi yake ni kuzuia 2140. Rezoneta za dupleksa zilizo karibu na antena hazina kinga yoyote. Zinaogeshwa na ishara zote mbili. Hoja ya pili ilikuwa ya mikono. Fundi mmoja mwenye mashine ya hewa moto aliing'oa dupleksa ile na kuweka ya mtengenezaji mwingine yenye vipimo na miguu ileile, bila kugusa kitu kingine, na zao lilishuka wazi. Amplifaya zilikuwa zilezile. Dupleksa ya pili, kwa mujibu wa maelezo yake, imegawanya rezoneta ya upande wa antena kuwa mbili zilizofuatana, kila moja ikiwa na eneo maradufu, ili volti igawanyike na msongamano wa nishati ya sauti ushuke hadi robo. Gharama yake ni chipu inayohitaji eneo mara nne kwa rezoneta hiyo, na ndiyo maana si kila mtu huifanya.

Tabia hiyo ambayo sisi tuliisaka kama mwizi, wengine wanaitafuta kwa makusudi. Mwaka 2017 Adarsh Ganesan, Cuong Do na Ashwin Seshia wa Cambridge waliripoti kwamba rezoneta ndogo ya kimakenika, ikisukumwa kwa sauti moja tu, huzaa msururu wa masafa yaliyopangika kwa nafasi sawa, na kisababishi ni mchanganyiko wa mawimbi matatu ndani ya kifaa chenyewe. Na mwaka 2024 kundi la Lisa Hackett na Matt Eichenfield nchini Marekani liliunganisha niobati ya lithiamu na utando wa semikondakta, elektroni zikaukuza mchanganyiko huo kwa kiwango ambacho fuwele peke yake haifikii, kwa matarajio kwamba siku moja sehemu nyingi za redio ya simu zitafanywa kwa sauti juu ya chipu moja. Kwao, mchanganyiko uliotusumbua sisi ni chombo cha kazi.

Kwa matatu, suluhisho lilikuwa la bei ya kebo. Kubadilisha dupleksa katika kila ruta ya sacco ni kazi ya mikono mingi na hatari ya kuharibu bodi, hivyo tulihamisha antena ya kifaa cha kufuatilia gari hadi nyuma ya paa, zaidi ya mita 1.5 kutoka ya ruta. Umbali ukiongezeka mara kumi, nguvu hupungua mara mia, yaani desibeli 20, na zao hupungua kwa kiasi hichohicho. Wi-Fi ilitulia.

Sacco iliuliza kama kuhamia ruta za 4G kungeondoa haja ya kuvuta kebo hizo. Tukarudi kwenye hesabu. Katika bendi ya 1800, ruta ikituma MHz 1720 hupokea 1815. Kifaa cha kufuatilia gari kikituma karibu na 1767.5, mara mbili yake ni 3535, toa 1720, inabaki 1815. Safari hii msumbufu ndiye anayehesabiwa mara mbili. Katika bendi ya 800, ruta ikituma 847 hupokea 806, na kifaa kikiangukia 2G ya bendi ya 900 na kutuma 888, mara mbili ya 847 ukitoa 888 ni 806. Ruta za 4G zilinunuliwa, na antena zikaachwa zikiwa zimetengana vilevile.